Jinsi ya Kuchunguza Historia ya Hoteli Kongwe ya Ufukweni

Anza na reli kabla ya hoteli yenyewe. Hoteli nyingi za fahari za ufukweni zilijengwa katika karne ya 19, baada ya treni kuwawezesha wakazi wa miji kufika baharini kwa urahisi, hivyo mwaka wa kufunguliwa kwa kituo hueleza mengi kuhusu wateja waliokusudiwa.

Kisha litazame jengo kwa makini. Grand Hotel ya Scarborough, Uingereza, ilifunguliwa mwaka 1867, miaka 22 baada ya reli kufika mjini humo, na msanifu wake, Cuthbert Brodrick, aliifuatisha kalenda: minara 4 kwa majira, orofa 12 kwa miezi, dohani 52 kwa wiki na vyumba 365 kwa siku. Hata mabafu yalikuwa na bomba la ziada la maji ya bahari.

Linganisha magazeti, ramani na vitabu vya wageni. Hadithi za mizimu ziweke kando, kwani aghalabu ni matangazo ya biashara. Usiiruke miaka ya vita: Desemba 1914 manowari za Ujerumani ziliushambulia mji huo, na hoteli hiyo ikaharibiwa kwa makombora.