SOMO: Daftari la bei, namna ya kujua ofa ipi ni ofa kweli

Wapendwa habari za leo. Hili somo nimeliahidi muda mrefu, leo watoto wamelala mapema nikasema ngoja niliandike lote kwa mpigo mana kila siku naulizwa unawezaje kulisha watu sita kwa hela ileile na mwisho wa mwezi kinabaki kitu. Jibu langu ni daftari. Hapa sizungumzii kubana mpaka watoto waone taabu, nazungumzia daftari dogo la kawaida ambalo ndani yake umeandika bei za vitu mnavyotumia nyumbani kwenu. Mtu asiyejua bei ya kila siku ya kitu hawezi kujua kama leo kimeshuka, ataambiwa tu kimeshuka na yeye ataamini.

Kilichonifumbua macho ni sabuni ya unga. Nilikuwa nachukua ule mfuko mkubwa, umeandikwa "wa familia" kwa maandishi mekundu, najua mkubwa ndo nafuu kama tulivyozoea kuambiwa. Siku hiyo mkubwa umeisha, nimesimama na mdogo mkononi nimenuna, nikasema hebu nipige hesabu kwenye simu nione leo naumia kiasi gani. Chukulia hela yoyote unayotumia wewe: mkubwa gramu 900 kwa 270, mdogo gramu 500 kwa 140. Gawanya, mkubwa unakuja 30 kwa kila gramu 100, mdogo 28. Nikarudia mara mbili nikidhani nimekosea. Yani miezi yote ile nilikuwa naulipia mfuko mkubwa zaidi kwa sababu ya neno familia. Nilirudi nyumbani nikachukua daftari la mtoto lililobaki kurasa nusu nikaanza.

HATUA YA 1: Wiki nne usitupe risiti hata moja. Weka bahasha jikoni, kila anayerudi na kitu anatumbukiza humo, sehemu ambayo hawatoi risiti unaandika mwenyewe kwenye kikaratasi, umenunua nini, kiasi gani, bei gani. Usibadilishe chochote kwanza, nunua ulivyozoea. Wiki nne zikiisha zimwage mezani uzungushie duara vile vinavyojirudia. Utashangaa, nyumba nyingi hazizidi vitu 20 hadi 25 vinavyojirudia kila mwezi, na hivyo ndo vinavyokula hela, sio ile soda moja uliyonunua njiani ukajilaumu wiki nzima.

HATUA YA 2: Kila kitu ukurasa wake. Juu jina la kitu, chini mistari mitano: tarehe, duka, ujazo, bei, bei ya kipimo. Basi. Usilipambe likawa kazi, likiwa kazi utaliacha.

HATUA YA 3: Bei ya kipimo, hapa naomba tutulie kidogo mana ndo roho ya somo. Bei iliyoandikwa mbele ni ya pakiti, wewe familia yako haili pakiti, inakula kilichomo ndani. Kwahiyo vyakula vikavu gawanya upate bei ya gramu 100 au kilo, vya maji kwa lita. Nepi unagawanya kwa kipande. Karatasi za chooni usihesabu marola, kuna rola nene na kuna rola jembamba limevimbishwa tu na bomba la katikati, angalia pakiti imeandika vipande vingapi au mita ngapi kwa kila rola. Sabuni ya maji ya kufulia hesabu inafua mara ngapi, kwa sababu kuna ile nzito unayotia kifuniko nusu na kuna nyepesi unayomimina, lita moja ya nzito inaweza kukushinda kwa bei ya lita lakini ikafua mara mbili zaidi. Vya kopo soma uzito baada ya kumwaga maji, usisome uzito wa jumla, la sivyo unalinganisha maji ya chumvi.

Na hapo hapo muwe macho na pakiti zinazopungua kimyakimya. Ilikuwa gramu 500 leo ni 450, bei haijaguswa, rangi ileile, hata urefu wa pakiti uleule. Hiyo ni kama bei imepanda asilimia 11 na hakuna aliyekutangazia. Mimi nimeikuta kwenye biskuti za watoto, bila ule mstari wa ujazo kwenye daftari nisingejua kabisa, ningeendelea kushangaa mbona siku hizi zinaisha Alhamisi.

HATUA YA 4: Jifunze kutafsiri lugha ya ofa. Nunua viwili upate cha tatu bure, hiyo ni punguzo la asilimia 33 kama kweli unavihitaji vyote vitatu. Cha pili kwa nusu bei, inasikika kubwa lakini kwa vyote viwili ni asilimia 25 tu. Asilimia 20 zaidi bure, hiyo ukiigeuza kuwa punguzo la bei haifiki hata 17. Punguzo la 20 halafu 10 juu yake sio 30, ni 28, kwa sababu ile 10 inakatwa kwenye bei iliyokwisha kushuka. Ukishapata asilimia usifurahi bado, fungua daftari, linganisha na bei ya kipimo uliyoandika mwezi uliopita. Kuna siku utakuta kibandiko cha njano cha ofa kimebandikwa juu ya bei ileile ya siku zote, na kuna siku utakuta kitu kimeshuka kweli na hakina kibandiko chochote kipo rafu ya chini kabisa ambako hakuna anayeinama. Inama. Usawa wa macho ndo mahali ambapo wenye bidhaa wanapapigania, vya bei ndogo mara nyingi vinawekwa chini.

HATUA YA 5: Ukipata bei nzuri nunua ya kutosha, sio ya kujaza nyumba. Ya kutosha ni kiasi gani? Daftari lako litakwambia baada ya miezi mitatu minne. Langu linaonyesha sabuni hushuka kila baada ya wiki sita hivi, kwahiyo ikishuka nanunua ya wiki sita na kidogo juu, zaidi ya hapo nimegeuka stoo ya mwenye duka. Vitu visivyoharibika kama sabuni, dawa ya meno, chumvi, karatasi, hapo jiachie. Mafuta ya kula usirundike, yanachacha, na uyaweke kwenye giza mbali na jiko. Kipya weka nyuma cha zamani vuta mbele, kila mara, hata kama umechoka.

HATUA YA 6: Kabla hujatoka fungua friji na kabati uangalie kilichopo ndo uandike orodha, na usiende na njaa. Hii wote mnaijua sina haja ya kurefusha ila msiidharau, ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 (ile ya UNEP, shirika lao la mazingira) inasema chakula kilichotupwa duniani mwaka 2022 ni tani bilioni 1.05 na asilimia 60 yake ni majumbani. Majumbani kwetu humu. Mchicha uliooza kwenye droo ya friji ulikuwa na bei, na hata kama uliupata kwa nusu bei umepoteza hiyo nusu yote.

Nimemaliza, karibuni maswali.

Swali: Asante sana kwa somo dada ila mimi natoka kazini saa kumi na mbili nina watoto watatu wadogo, hayo mambo ya kurasa 25 nitayaweza kweli?

Jibu: Utaweza mdogo wangu ila usianze na 25. Chukua vitano tu vinavyokumalizia hela, kwa mwenye watoto wadogo nadhani ni nepi, maziwa, sabuni, mafuta na mchele. Piga picha kile kibandiko cha bei ukiwa dukani, usiandike chochote pale na watoto wanakuvuta, halafu Jumapili jioni unahamishia kwenye daftari dakika kumi umemaliza. Mwezi wa pili ongeza vitano.

Swali: Mbona maduka mengine bei ya kipimo imeandikwa tayari pale chini ya bei kubwa, daftari la nini tena?

Jibu: Kweli kabisa, nchi za Umoja wa Ulaya kwa mfano zina sheria ya hiyo tangu 1998, na kama ulipo wanaandika umerahisishiwa nusu ya kazi. Ila soma vizuri kipimo chenyewe, unaweza kukuta hiki kimeandikwa kwa kilo na jirani yake kwa gramu 100, ukikimbilia namba ndogo umeingia mkenge. Na kile kibandiko kinakwambia bei ya leo tu, hakikumbuki ya mwezi uliopita. Daftari linakumbuka.

Swali: Mke wangu kaanza hii staili yenu sasa tunazunguka maduka manne kila Jumamosi, hivi kweli tunaokoa?

Jibu: Kaka hapo mmevuka mstari, na mwambie shemeji namsalimia. Nauli au mafuta ya gari ni sehemu ya bei, yaandikeni humo humo. Mimi naenda sehemu mbili, moja kila wiki na nyingine mara moja kwa mwezi kwa vile vitu visivyoharibika. Daftari likishawaonyesha duka gani lina nafuu kwa vitu vingi, vile viwili vitatu vilivyo rahisi kwingine viacheni mpaka mpite huko kwa shughuli nyingine.

Swali: Vipi kuhusu vitu vilivyotumika, friji na nguo za watoto? Niliwahi kuuziwa friji likadumu wiki mbili.

Jibu: Pole sana, hiyo inauma. Friji usinunue lililozimwa, omba liwe limewashwa saa kadhaa kabla hujafika ulikute lina baridi tayari. Kisha chukua karatasi ibane kwenye mlango, funga, uivute. Ikitoka kirahisi ule mpira umechoka na friji litakula umeme usiku na mchana, fanya hivyo pande zote nne. Nguo zinyanyue uelekeze kwenye mwanga, magoti, makwapa na kwenye mishono ndo zinapoisha kwanza, zipu ifunge na kufungua mara tatu. Mtoto mchukulie saizi ya mbele. Vitu viwili mimi sinunui vilivyotumika hata nikipewa kwa bei ya bure: kofia ya kuendeshea pikipiki au baiskeli na kiti cha mtoto cha kwenye gari. Huwezi kujua kama vilishapata ajali, ufa wa ndani hauonekani kwa macho.

Swali: Vile vilivyoshushwa bei sababu tarehe imekaribia, vinafaa kwa watoto?

Jibu: Tofautisha tarehe mbili mama. Kuna inayosema "bora kabla ya", hiyo inaongelea ladha na ubora, biskuti au tambi zikipita siku chache hazidhuru kama pakiti iko nzima. Na kuna inayosema "tumia kabla ya", inakaa kwenye nyama, samaki, vitu vya friji, hiyo ni usalama na hairukwi hata kama harufu ni nzuri. Nyama ya namna hiyo nikiikuta nusu bei nainunua, nikifika nyumbani kabla sijavua hata viatu naigawa kwa mlo mmoja mmoja, naandika tarehe kwenye mfuko, friza.

Swali: Mimi daftari nilianza mwaka jana, sasa bei zote zimepanda, naona kama zile kurasa hazina kazi tena.

Jibu: Usizitupe. Chora mstari chini ya bei ya mwisho uandike mwezi, endelea chini yake. Havipandi vyote sawasawa, kuna kilichopanda kidogo na kuna kilichoruka, zile kurasa za juu ndo zitakuonyesha kipi ni kipi. Mimi hivyo ndo nilivyojua cha kubadilisha ni mafuta, sio mchele kama nilivyokuwa nadhani.