Kabla hujabonyeza "nunua" kwenye kavideo kafupi
Zile video za TikTok au Reels zimepangwa makusudi, sekunde za kwanza tu zishakushika, muziki unapanda, mtu anatabasamu na bidhaa mkononi na kitufe cha kununua kiko palepale chini, kwahiyo hata muda wa kufikiri hupati. Cha kufanya, iseve alafu funga app, rudi kesho. Ukirudi itazame umezima sauti, maana muziki nao unakuvuta (jaribu utaona), na cheki kama imeandikwa ni tangazo la kulipiwa. Komenti soma mpaka za chini kabisa, mwenye video anaweza kuipini (kuibandika juu kabisa) anayoipenda na mbaya akazifuta. Tafuta na video ya mtu asiyeuza. Ile "zimebaki chache"? Ipuuze tu.