SOMO: Saketi ya umeme kwa PhET, bila kula bando

Walimu wenzangu, PhET ni mkusanyo wa majaribio ya sayansi ya kwenye skrini, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani. Ni bure.

Hatua ya 1. Ukiwa penye mtandao, ingia phet.colorado.edu, tafuta Circuit Construction Kit: DC, ubonyeze alama ya kupakua. Utapata faili moja tu. Liweke kwenye flashi.

Hatua ya 2. Zima data kabisa, kisha fungua faili hilo kwenye kompyuta utakayotumia. Mimi niliwahi kuruka hatua hii. Nilisimama mbele ya watoto sitini na skrini nyeupe!

Hatua ya 3. Darasani usianze na kompyuta. Wengi tunakosea hapa. Kila kundi lipe betri, waya na balbu ya tochi, uwaambie waiwashe. Wengi watagusisha waya mmoja kutoka betri hadi kitako cha balbu, watulie wakisubiri mwanga. Waache wahangaike dakika kumi, kisha kila mmoja achore daftarini anavyodhani balbu itawaka.

Hatua ya 4. Sasa washa projekta, ujenge mchoro uliokosewa kama ulivyo. Balbu haiwaki, na vidoti vya buluu, yaani elektroni, vimetulia tuli. Ongeza waya wa kurudi kwenye betri: vidoti vyote vinaanza kutembea kwa pamoja, kwenye kila waya. Hilo betri halisi haiwezi kuwaonyesha. Kisha pachika sarafu katikati, halafu kifutio. Kabla hujapachika, wapige kura kama balbu itawaka.

Kuna mtundu atakayetaka kuunganisha waya ncha kwa ncha ya betri bila balbu. Mruhusu, betri ya skrini itawaka moto. Wakimaliza kucheka, zungumzieni soketi ya ukutani.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, wanangu Kiingereza hawakijui. Itakuwaje?
Majaribio mengi yametafsiriwa, na Kiswahili kimo. Angalia orodha ya tafsiri kwenye ukurasa wa jaribio. Hata usipolikuta lako, kazi kubwa hapa ni kuburuta picha. Maneno utayasema wewe.

Sisi tuna tableti kadhaa, intaneti hatuna.
Jaribuni Kolibri, programu ya masomo inayofanya kazi bila intaneti. Inasakinishwa kwenye kompyuta moja, masomo yanapakuliwa mapema, na tableti zinayasoma kupitia Wi-Fi ya hapo hapo shuleni. Ila kupakua mara ya kwanza kunakula data nyingi, hivyo chagueni mada chache.

Sina projekta, nina laptop yangu tu.
Watoto wanane wanane mbele ya laptop, wengine wabaki na betri na balbu, mbadilishane. Panga vipindi viwili, kimoja hakitoshi.

Na sisi tusio na umeme kabisa, ndugu mwalimu?
Fanya hatua ya 3 kwa kipindi kizima. Vidoti wachezeni wenyewe: watoto wasimame duara, wapitishiane mbegu za maharage, halafu mmoja atoke kwenye duara. Waulize kwa nini mbegu zimesimama.