Kutafuta Hitilafu ya Umeme kwenye Pikipiki ya Mashindano ya Mipigo Miwili

Pikipiki nyingi za mashindano zenye injini ya mipigo miwili hazina betri. Sumaku zilizo kwenye gurudumu linalozungushwa na krankishafti (mhimili mkuu wa injini) huzalisha umeme katika koili za stata, yaani sehemu isiyozunguka, kisha CDI, kisanduku cha elektroniki kinachoendesha cheche, huukusanya umeme huo, na pindi koili ndogo ya ishara inapotoa amri, CDI huumwaga wote kwa mkupuo katika koili ya plagi. Kwa kuwa vifaa ni vichache hivyo, hakuna sababu ya kubahatisha, na hasa hakuna sababu ya kuanza kwa kununua CDI mpya, ingawa ndivyo wengi wanavyofanya.

Kwanza hakikisha kwamba tatizo ni la umeme. Injini inayokosa mafuta aghalabu hufifia kabla ya kuzima, ilhali inayokosa moto, yaani cheche ya plagi, hukatika ghafla. Fungua plagi, irudishe kwenye kofia yake, gusisha chuma chake na silinda mbali na tundu la plagi, kwa maana mvuke wa petroli unaotoka humo hushika moto, kisha piga kiki. Cheche unayoiona hapo isikuridhishe upesi, kwa sababu ndani ya silinda, mgandamizo unapopanda, cheche huhitaji volti nyingi zaidi kuliko hewani. Kipimo cha cheche chenye mwanya wa milimita 6 hivi hutoa jibu la kuaminika zaidi. Usipige kiki kamwe kofia ikiwa inaning'inia bila plagi, kwani umeme uliokosa njia unaweza kupasua kinga ya koili au kuiua CDI.

Ikiwa hakuna moto kabisa, chomoa waya wa swichi ya kuzimia injini, kisha ujaribu tena. Katika mifumo mingi ya CDI, swichi hiyo huzima injini kwa kuunganisha umeme na fremu, kwa hiyo waya uliochubuka na kugusa chuma hufanya kazi ileile ya swichi iliyobonyezwa. Tazama hasa pale waya unapopita karibu na shingo ya usukani: geuza usukani hadi mwisho kila upande huku ukiuvuta waya polepole, nawe utakuta plastiki imelika upande mmoja tu, ule usioonekana, na shaba ndani yake imegeuka kijani. Kagua pia mahali koili inapofungwa kwenye fremu, maana rangi iliyopigwa upya chini ya boliti huzuia umeme kurudi.

Kofia ya plagi huzungushwa ikatoka. Nyingi zina ukinzani wa omu 5,000 hivi, na mita ya kupimia ukinzani isiposoma chochote, kofia imeungua. Kata ncha ya waya kidogo kabla ya kuirudisha, ili skrubu yake ishike shaba safi.

Baada ya hapo, tenganisha stata na CDI ndipo upime koili moja moja, ukilinganisha na kitabu cha pikipiki yenyewe. Upande wa koili ya plagi unaopokea umeme wa CDI mara nyingi huwa chini ya omu 1, hivyo gusanisha kwanza ncha mbili za mita na utoe kiasi kinachosomwa na nyaya zake. Ukinzani wa shaba hupanda kwa takribani asilimia 0.4 kwa kila digrii moja ya joto. Koili ya omu 200 katika nyuzi 20 itasoma karibu 260 ikifika nyuzi 100, na huo si ubovu. Ubovu ni namba inayoruka au kutoweka. Pikipiki inayozima injini ikipata joto na kuwaka ikipoa inakuambia upime stata ikiwa na joto. Mashine ya kukaushia nywele inatosha kuipasha, huku ukitikisa nyaya na kuangalia mita. Kwa kazi hii mita ya zamani yenye mshale inaishinda ya tarakimu, kwani mshale huonyesha mtikisiko wa muda mfupi.

CDI hupimwa mwisho, tena kwa kuibadilisha na nyingine ya aina ileile iliyothibitika kuwa nzima.

Moto ukiwepo lakini injini inapiga kiki kinyumenyume au haina nguvu, fungua gurudumu la sumaku. Kipande kidogo cha chuma kinacholishikilia kwenye krankishafti hukatika, gurudumu likahama, na wakati wa cheche ukabadilika. Usiendeshe pikipiki katika hali hiyo, kwa sababu cheche inayowahi mno huweza kutoboa pistoni. Ukifunga kipande kipya, safisha mafuta yote kwenye krankishafti na gurudumu pale vinapokutana, kaza nati kwa kipimo kilichoandikwa kitabuni, halafu upime upya wakati wa cheche.