Jinsi ya kusoma kazi ya pitcha mashoto anayehamahama timu: jifunzie kwa Rich Hill

Wengi wakianza kufuatilia besiboli ya Marekani, wakikutana na pitcha, yaani yule anayemrushia mpira mpigaji, aliyepita timu kumi na kitu wanamruka, wanaona huyo timu zinamchoka tu zinamwacha. Hapo ndo wanakosa uhondo, manake kazi ya namna hii ukijua kuisoma inakufundisha mchezo kuliko ya staa aliyekaa sehemu moja miaka 15.

Mchukue Rich Hill. Kazaliwa 1980, ligi kuu kaingia 2005 akiwa na Chicago Cubs, na 2025 akapanda tena kilima, pale pitcha anaposimama kurusha, akiwa na Kansas City Royals, ana miaka 45, timu yake ya 14, akawa sawa na rekodi ya Edwin Jackson ya kuchezea timu nyingi zaidi. Fungua ukurasa wa takwimu zake, Baseball Reference ni bure, uweke pembeni tusome pamoja.

Kwanza achana na safu ya ushindi na kushindwa. Pitcha anaweza akarusha vizuri mechi nzima wenzake wasifunge hata pointi moja, akaandikiwa kashindwa. Nenda kwenye safu ya awamu alizorusha kila mwaka (mechi ya kawaida ina awamu 9, kila awamu timu mbili zinapiga kwa zamu), ipitie toka juu mpaka chini bila haraka. 2007 ana awamu 195 na Cubs, hapo ni pitcha wa kuanza mechi kabisa. Halafu shuka 2010 mpaka 2014: miaka mitano yote ukiijumlisha haifiki awamu 80. Ukiona shimo kama hilo simama hapohapo, usiendelee, ndo mahali pa kuchimba.

Kwenye shimo uliza aliumia, aliachwa, au alikuwa anajaribu kitu kipya. Kwa Hill yote matatu yapo. 2011 alifanyiwa ule upasuaji wa kano ya kiwiko unaoitwa Tommy John, na Tommy John mwenyewe, wa kwanza kufanyiwa mwaka 1974, alikuwa pitcha mashoto pia. Kipindi hichohicho Hill alikuwa ameshusha mkono anarusha kwa ubavuni, anatafuta namna ya kubaki kazini.

Sasa kwa nini timu ziliendelea kumpigia simu? Hapa lazima uelewe mkono wa kushoto unafanya nini. Mpigaji anayepiga kwa kushoto akikutana na pitcha wa kushoto, ule mpira wa kupinda unaanza kama unatokea nyuma ya bega lake, mwili unataka kukwepa, halafu unakatika unaelekea nje mbali na gongo. Na mashoto ni wachache kwa hiyo wapigaji hawawazoei. Ndo maana kulikuwa na kazi ya mashoto kuingia, kumtoa mpigaji mmoja, kutoka. Jesse Orosco, mashoto mwingine, alicheza mechi 1,252, rekodi ya mapitcha wote mpaka leo, na aliendelea mpaka 2003 akiwa na miaka 46. Lakini tangu 2020 sheria inasema pitcha akiingia akabili wapigaji 3 au amalize nusu ya awamu, kwa hiyo ukisoma kazi ya mashoto yeyote angalia yuko upande gani wa 2020, usilinganishe tu kienyeji. Mimi sheria hii siipendi, iliua ajira za watu waliokuwa na ufundi mmoja lakini ufundi kwelikweli.

Mwaka wa kukaa nao ni 2015. Katikati ya msimu Hill alikuwa nje ya mfumo wa ligi kuu, akaenda Long Island Ducks, timu ya ligi huru, kuanza mechi tena. Boston Red Sox wakamchukua, na hapo Brian Bannister, pitcha wa zamani aliyekuwa anawafanyia Boston kazi ya uchambuzi, akamwambia aurushe mpira wa kupinda mara nyingi zaidi, tena kwa kasi na mipindo tofauti, asiufanye wa akiba. Septemba 13 pale Tampa Bay akarusha awamu 7, akaruhusu pigo moja tu la kumfikisha mpigaji kituoni, akawatoa wapigaji 10 kwa straiki, yaani bila kuupiga mpira. Mechi mbili zilizofuata tena 10, 10. Mpira wake wa kasi mara nyingi haukufika hata maili 90 kwa saa, lakini mpigaji anayeusubiri ule wa kupinda anaona 89 kama 95.

Ukishaona hilo, rudi kwenye orodha ya timu uisome upya, manake kuhama si kwa aina moja. Kuna kuachwa, kuna kusaini mkataba wa ligi ndogo bila uhakika, na kuna kununuliwa na anayekuhitaji. Agosti 2016 Los Angeles Dodgers walitoa vijana watatu wenye vipaji kuwapata Hill na Josh Reddick toka Oakland, na Desemba wakampa Hill mkataba wa miaka 3 wa dola milioni 48. Ni kama fundi anayehama saiti: kuna anayefukuzwa na kuna anayeitwa, ukiwaona barabarani na begi la zana huwezi kujua.

Halafu tafuta video ya mechi moja uangalie yote, na ya Hill iwe ya Agosti 23, 2017 kule Pittsburgh. Awamu 8 hakuna mpinzani hata mmoja aliyefika kituo. Ya 9 mwenzake akakosea mpira, ila pigo bado hakuna. Dodgers nao hawafungi, wakaenda ya 10, Josh Harrison akaupiga mpira nje ya ukuta, 1-0, imeisha. Ukisoma takwimu utaona kashindwa. Angalia mikono ya wapigaji wa Pirates, timu ya Pittsburgh, kabla ya pigo lile, wanavyochelewa, wanavyowahi.

Ukimaliza na Hill tafuta wako. Februari timu zinapoenda kambini kila moja inatoa majina ya walioalikwa bila kuhakikishiwa nafasi, pita na orodha hizo, chagua mashoto aliyevuka miaka 30 mwenye shimo kwenye safu ya awamu, umfuatilie kuanzia mechi za kirafiki za Machi.