Chupa, harufu au bei? Muulize mteja kwa kadi

Natengeneza sabuni ya maji. Ukimuuliza mteja kama anataka harufu nzuri, chupa imara au bei nafuu, atakwambia vyote, nawe hujapata kitu. Mlazimishe apime bidhaa nzima.

Andika kadi nne, mteja azipe alama 1 hadi 10. Mama mmoja muuza chipsi alinijibu hivi:

Mchaichai, chupa, sh. 2,000: 9
Mchaichai, mfuko, sh. 2,500: 4
Waridi, chupa, sh. 2,500: 6
Waridi, mfuko, sh. 2,000: 5

Sasa tafuta wastani. Kadi za chupa 7.5, za mfuko 4.5: tofauti 3. Bei, 7 kwa 5: tofauti 2. Harufu, 6.5 kwa 5.5: tofauti 1 tu. Jumla 6, kwa hiyo chupa imebeba nusu ya uamuzi wake. Na mimi nilivyohangaika na mafuta ya mchaichai!

Kadi zinazowezekana ni nane: harufu mbili, mara vifungashio viwili, mara bei mbili. Nne zinatosha mradi sifa haziathiriani. Ukishuku watu hukubali bei kubwa kwa chupa peke yake, tumia zote nane. Piga hesabu ya kila mteja kivyake kwanza, maana anayependa waridi na asiyelitaka kabisa wakichanganywa, utadhani harufu haina maana kwa yeyote.