Kuanzisha na kuendesha chama cha taifa cha wasomaji wa Tolkien

Chama cha wasomaji hakifi kwa kukosa mapenzi ya vitabu. Hufa pale taarifa ya chama, yaani kijarida cha habari kinachotumwa kwa wanachama, inapochelewa mara tatu mfululizo, wanachama wakaona ada yao imepotea bure, na yule mmoja aliyebeba kila kitu akachoka. Ndiyo maana hapa karatasi, fedha na orodha ya majina zimepewa nafasi kubwa kuliko majoho na panga.

Vyama vya kuigwa vipo. Mythopoeic Society ya Marekani, inayomsoma J.R.R. Tolkien, profesa wa Oxford aliyeandika The Hobbit na The Lord of the Rings, pamoja na rafiki zake waandishi C.S. Lewis na Charles Williams, ilianza 1967. Tolkien Society ya Uingereza iliasisiwa na Vera Chapman mwaka 1969, Tolkien mwenyewe akiwa bado hai, naye akakubali kuwa rais wake wa heshima. Cheo hicho anacho hadi leo, ingawa alifariki tarehe 2 Septemba 1973. Waholanzi wana Unquendor tangu 1981, Wajerumani wana Deutsche Tolkien Gesellschaft tangu 1997. Kama mwandishi wenu ni mwingine, badilisheni majina na tarehe. Kazi ni ileile.

Watu watano, kazi tano

Msitangaze chama kabla ya kupata watu watano waliokubali kazi kwa kauli yao: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, mhariri na mtunza orodha ya wanachama. Kazi ya mwisho ndiyo hudharauliwa na kuunganishwa na ukatibu, na hapo ndipo mambo huharibika. Katibu anashughulika na barua na mikutano. Akiongezewa anwani za watu mia mbili wanaohamahama, anwani ndizo zitakazosubiri. Mhariri asiwe mweka hazina. Gharama kubwa ya chama ni uchapaji, na anayeagiza hapaswi kuwa ndiye anayelipa.

Katiba ya kurasa mbili au tatu inatosha. Iseme lengo la chama, nani anaweza kujiunga, ada inapangwa na nani, viongozi wanakaa muda gani (miaka miwili inafaa), fedha hutolewa kwa saini za watu wawili, na mali itakwenda wapi chama kikivunjwa. Kipengele hicho cha mwisho huonekana kama uchuro siku ya kuanzisha. Miaka kumi baadaye, chama kikiwa na sanduku sita za vitabu na akiba benki, kukikosa ni ugomvi.

Kuwa makini na akidi, yaani idadi ya chini ya wanachama wanaotakiwa ili mkutano uwe halali. Katiba nyingi hunakiliwa kutoka vyama vya mtaa, na huko akidi ni nusu ya wanachama. Chama cha taifa hakitapata nusu ya watu wake chumbani hata siku moja, na bila akidi huwezi hata kuitisha kura ya kupunguza akidi. Andikeni idadi ndogo, kwa mfano wanachama 15 au asilimia 10, yoyote iliyo pungufu, na mruhusu kuhudhuria kwa njia ya mtandao.

Jina, nembo na haki za wenyewe

Majina ya The Hobbit, The Lord of the Rings na wahusika wengi yamesajiliwa kama alama za biashara, nazo ziko mikononi mwa Middle-earth Enterprises. Haki za maandishi zinasimamiwa na warithi wa Tolkien. Kabla ya kuchapa nembo yoyote au kuuza fulana, andikeni barua mueleze ninyi ni nani, kwamba hamfanyi biashara, na mnataka kutumia nini. Msisubiri mpaka mzigo wa fulana 200 uko stoo.

Kwa Uingereza, hakimiliki hudumu miaka 70 kuanzia mwisho wa mwaka aliofariki mwandishi, yaani mpaka mwisho wa 2043. Hivyo tafsiri ya sura nzima haiingii kwenye jarida bila ruhusa, hata ikiwa nzuri kiasi gani, wala ramani ya kitabu haigeuzwi kuwa jalada. Dondoo fupi ndani ya makala ya uchambuzi, ikitajwa kitabu na sura, kwa kawaida haina tatizo, ila someni sheria ya nchi yenu. Michoro ya wanachama nayo ina mwenyewe: mchoraji asaini karatasi ya kuruhusu itumike mara ngapi na wapi.

Ada

Anza na hesabu ya taarifa ya chama, kisha panda kwenda kwenye ada. Tuseme toleo moja, kuchapa na kutuma, linagharimu 12 kwa kila mwanachama, na mnatoa matoleo manne kwa mwaka. Hiyo ni 48. Kanuni nzuri ni taarifa isizidi nusu ya ada, kwa hiyo ada iwe 96 au 100. Nusu nyingine ni ya ukumbi, tovuti, benki na akiba. Vyama vinavyopanga ada kwa kuangalia "watu watakubali kulipa ngapi" hugundua mwezi wa nane kwamba kila mwanachama mpya anawaletea hasara.

Uanachama wote uishe tarehe moja. Kila mtu akiwa na tarehe yake, mtunza orodha atakuwa anawakumbusha watu wiki zote 52 za mwaka. Anayejiunga katikati apewe matoleo ya nyuma ya mwaka huo, ili ada kamili iwe halali. Bajeti ya mwaka wa pili iandikeni kana kwamba theluthi moja hawatarudi. Wakirudi, hiyo ni akiba. Filamu au tamthilia mpya ikitoka mtapata wimbi la watu, na wimbi hurudi baharini, kwa hiyo msiingie mkataba wa ukumbi mkubwa kwa kutegemea idadi ya mwaka huo.

Taarifa ya chama

Tenganisheni vitu viwili. Tolkien Society ina Amon Hen, taarifa ya mara kwa mara yenye habari, barua na mapitio ya vitabu, na Mallorn, jarida la makala nzito linalotoka kwa nadra zaidi. Mkichanganya yote, makala moja isiyokamilika ya kurasa 14 itazuia tangazo la mkutano.

Taarifa ya ukubwa wa A5 hutengenezwa kwa A4 iliyokunjwa katikati. Karatasi moja hutoa kurasa 4, kwa hiyo idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4. Ukiwa na 30, tafuta za kujaza mbili au kata mbili. Usimwachie mchapaji aamue. Kurasa 32 ni karatasi 8. Karatasi ya nje upande mmoja ina ukurasa wa 32 kushoto na wa 1 kulia. Upande wa pili ina wa 2 kushoto na wa 31 kulia. Jumla ya namba za kurasa mbili zinazokaa pamoja ni idadi yote ya kurasa ukiongeza moja, hapa 33. Ukiona 14 imekaa na 20, kuna kosa. Programu ya kompyuta itapanga yenyewe, lakini ikaguliwe kwa kanuni hiyo kabla ya kuagiza. Kwenye mpangilio wa kuchapa pande mbili chagua kugeuza kwa ukingo mfupi. Ukichagua mrefu, nyuma ya kila karatasi itakuwa kichwa chini.

Stapla ya mezani haifiki kwenye mkunjo, maana kutoka ukingoni ni karibu sentimita 15. Nunueni yenye mkono mrefu, au fungueni ya kawaida, mlaze karatasi juu ya boksi nene, pini zipenye, kisha mzikunje kwa ndani kwa kitu kigumu. Pini mbili, kila moja sentimita 5 hivi kutoka ukingo wa juu na wa chini. Ukipita karatasi 15, kurasa za kati huchomoza nje na kitabu hakifungi vizuri. Toleo nene namna hiyo ligaweni mawili.

Pimeni uzito kabla ya kuchapa. A4 ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina uzito wa gramu 5. Karatasi saba za ndani ni 35, jalada la gramu 160 linaongeza 10, bahasha ya C5 (inayobeba A5) gramu 6 hivi: jumla 51. Kama posta yenu hupandisha bei kwenye 50, gramu hiyo moja italipiwa kwa kila mwanachama. Jalada la gramu 120 lingeokoa zaidi ya mbili. Chapeni nakala za wanachama, ongezeni asilimia 10 kwa wanaochelewa kulipa na zinazopotea njiani, na tano zikae kwenye kumbukumbu za chama. Ombeni pia namba ya ISSN, namba ya kimataifa ya kutambulisha majarida, yenye tarakimu nane, ili maktaba ziweze kuorodhesha jarida.

Mhariri atangaze tarehe ya mwisho wiki sita kabla ya kuposti: mbili za kusoma, moja ya kupanga kurasa, moja ya kusahihisha, mbili za uchapaji. Makala isiyofika inasubiri toleo lijalo. Hapo ndipo heshima ya mhariri ilipo, na mwandishi atakayenuna ni yuleyule atakayewahi mara ya pili.

Jambo moja la tahajia. Mhariri awe na orodha ya majina, la sivyo makala tatu zitamwita Treebeard, mhusika wa The Lord of the Rings, kwa majina matatu. Tolkien hakufurahishwa na tafsiri za kwanza za Kiholanzi na Kiswidi, akaandika mwongozo kwa watafsiri: kwa kifupi, majina yenye maana ya Kiingereza cha kawaida yafasiriwe, ya lugha za kubuni yaachwe. Chagueni herufi za kompyuta zenye alama zote, maana Éowyn na Eärendil hugeuka visanduku vitupu zisipokuwepo. Vinukta juu ya ä vinaonyesha kwamba e na a hutamkwa kila moja kivyake. Msomaji wa Kiswahili angefanya hivyo hata bila vinukta, lakini viandikwe.

Kalenda

Tarehe tatu hazihitaji kubuniwa. Tarehe 3 Januari, siku aliyozaliwa Tolkien mwaka 1892, saa 3 usiku kwa saa za mahali ulipo, mwanachama husimama, hutamka "Profesa", hunywa kinywaji chochote, hukaa. Haigharimu kitu, na mwanachama anayeishi peke yake mbali na wenzake hushiriki sawasawa na wengine. Tarehe 25 Machi ni siku ya kumsoma Tolkien, ambayo huadhimishwa tangu 2003. Ndiyo siku Sauron, adui mkuu wa The Lord of the Rings, alianguka kwenye hadithi. Pelekeni wasomaji wawili shuleni au maktaba, kila mmoja asome dakika kumi na si zaidi, na sehemu yenye mazungumzo, maana maelezo ya milima huwapoteza wasikilizaji wapya. Septemba, karibu na tarehe 22, siku ya kuzaliwa Bilbo na Frodo, wahusika wakuu wa vitabu hivyo viwili, Waingereza hukutana Oxford kwa Oxonmoot, tangu 1974. Wengi huweka mkutano wao mkuu majira hayohayo.

Kwenye mkutano wa siku mbili, mada iwe dakika 20 na maswali 10, na mtu mmoja akae mbele na kadi za kuonyesha dakika 5, 1 na sifuri. Mnada wa vitabu vya zamani huleta fedha nzuri: kila kitu kiwe na namba na bei ya chini iliyoandikwa, na malipo yachukuliwe palepale, kwa sababu ahadi ya mnada haidaiki. Mavazi yaruhusiwe, silaha ziwe za sponji au mbao butu. Upanga wa chuma ufungwe kamba ndani ya ala mlangoni na usifunguliwe. Watoto wasiachwe chini ya mtu mzima mmoja. Watu wazima wawe wawili daima.

Matawi

Tolkien Society huyaita matawi yake smial, jina la shimo wanamoishi hobiti, watu wafupi wa hadithi za Tolkien. Tawi ni watu wanne au sita wanaosoma pamoja, basi. Kosa la kawaida ni kuanza na The Lord of the Rings sura moja kwa mwezi. Ina sura 62. Hiyo ni zaidi ya miaka mitano, na wakifika Mordor, nchi ya Sauron karibu na mwisho wa hadithi, watakuwa wamebaki wawili. Sura mbili ni miezi 31, tatu ni 21. Tawi jipya lianze na The Hobbit, sura 19, nne kwa kikao: vikao vitano. Anayeongoza aje na maswali matatu yanayojibiwa kwa kufungua kitabu. Ugomvi wa filamu na kitabu upewe robo saa ya mwisho.

Makabidhiano

Nenosiri la barua pepe ya chama, tovuti na hifadhi ya faili liwe mikononi mwa watu wawili, na anwani iwe ya cheo, isiwe ya mtu. Orodha ya wanachama iwe na jina, anwani, mwaka uliolipwa na ruhusa ya kutumiwa matangazo. Zaidi ya hapo msikusanye, na asiyelipa miaka miwili afutwe. Kila kiongozi anayeondoka aache karatasi moja: nini hufanywa mwezi gani, mchapaji ni nani, bei ya mwisho ilikuwa ngapi, funguo ya stoo iko kwa nani. Iandikwe mwezi mmoja kabla ya uchaguzi, akiwa bado anapokea simu.